Aliyemshika Bupe Kichwa

Ubaruku, 12 Mei 2024

Shangazi Veneranda,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka kwenye vumbi la pumba, maana mavuno yameanza na mashine ya kukoboa mpunga ya mama mkwe haipumziki. Sisi ni wazima. Mume wangu Isakwisa anakusalimia sana, jana amerudi na tela la mpunga na kesho alfajiri anaondoka tena. Mama mkwe goti linamsumbua, lakini akiona gunia analisahau. Na wewe, baridi ya Iringa inakuachaje? Ile cherehani inayoruka mshono umeipeleka kwa fundi, au bado unaitukana tu?

Nakuandikia kwa kalamu kama baba alivyokuwa akikuandikia, kwa sababu simu ya kuongea wewe huisikii, na simu yangu mimi imeshakuwa simu ya mashine. Inakaa mezani, wateja wanapigia humo, kila mtu anaishika na kusoma kilichomo. Barua hii naipeleka Igawa kwa dada Frida mwenye kibanda cha chai, yeye atampa kondakta wa basi. Majibu yapitishe kwake, yasije nyumbani.

Jambo lenyewe ni mwanangu Bupe. Mwalimu wake wa darasa la awali aliniita shuleni. Anasema mtoto ni mkaidi: anaitwa haitiki, anaambiwa kaa anasimama, akiulizwa swali anatazama mdomo wa mtu. Ameshapigishwa magoti mara tatu. Nilikasirika, nikamjibu kwamba nyumbani anasikia vizuri tu. Njiani ndipo nikaanza kujiuliza anasikia vizuri wapi. Shangazi, kwetu hakuna anayeongea. Mashine ikiwaka tunapiga kelele, na kelele zikishindwa tunaonyesha vidole: viwili ni magunia mawili, kiganja chini ni zima injini. Bupe amekulia humo. Jumapili mashine ilipozimwa nilisimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena, hakugeuka.

Nilimpeleka Mbeya mjini kwa daktari wa masikio. Alimwekea kijidude sikioni, mashine ikachora mstari. Anasema mstari wa sikio zima hupanda kama kilima. Wa Bupe umelala bapa kama jaruba, masikio yote mawili. Kuna maji yamekaa nyuma ya ngoma ya sikio. Si maji ya kuoga, ni ya mwilini, yanajikusanya humo baada ya mafua kwa sababu njia ya hewa inayotoka nyuma ya pua imeziba. Hayaumi, hayaleti homa, yanazuia sauti tu. Nikauliza dawa. Akasema dawa hakuna, kwa watoto wengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Nimrudishe Agosti tarehe kumi na mbili.

Nimerudi na karatasi ya ule mstari tu. Mama mkwe aliigeuza pande zote mbili. "Umekwenda mpaka Mbeya kuambiwa usubiri?" akasema. "Kusubiri si hata mimi najua?" Wateja wakacheka.

Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Mwalimu anasema akiendelea hivi hatampokea. Nishauri, shangazi.

Mwanao,
Damari


Iringa, 26 Mei 2024

Damari binti wa kaka yangu,

Marahaba, na kamwene ya Kihehe. Barua yako imenifikia stendi ya Ipogolo ikiwa inanuka chai ya huyo Frida. Mimi mzima. Baridi imeingia, vidole vinakataa sindano mpaka saa nne, na wazazi wa hapa wameshaanza kuleta vitambaa vya sare kwa kunisumbua mapema. Cherehani siipeleki kwa fundi. Fundi ndiye aliyeiharibu.

Sasa sikiliza. Daktari wako amesema kweli, na huyo mkweo anayetaka dawa mwambie kusubiri ndiyo dawa yenyewe. Lakini kusubiri si kukaa. Nenda kwa mwalimu na ile karatasi, mwambie mtoto akae mbele kabisa, na kabla ya kusema naye amguse bega. Wewe ukisema naye kaa mbele ya uso wake, zima kelele kwanza, sema taratibu bila kufoka. Sauti ya kufoka inafika imevunjika, hilo mimi nalijua kuliko daktari. Na mtoe kwenye moshi. Hapo mnapochoma makapi ya mpunga ndipo anapocheza, sivyo? Moshi unazidisha mafua.

Na jingine, liweke moyoni. Usimruhusu mtu yeyote kumtia kitu sikioni. Si mafuta, si maji ya majani, si pamba. Mtu yeyote. Usiniulize kwa nini. Niandikie kwamba umelielewa hili.

Nimemshonea Bupe sketi, mkanda nimeuacha mrefu.

Mimi shangazi yako,
Veneranda


Ubaruku, 23 Juni 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sketi imefika, inamfika kwenye vifundo vya miguu, amekataa kuivua mpaka kulala. Ahsante. Hapa mavuno yamepamba moto, magari yamepanga foleni mpaka barabarani.

Mwalimu amekubali. Bupe anakaa mbele, na wiki ya pili aliniambia mtoto amehesabu mpaka ishirini. Nililia pale pale ofisini, nikaona aibu.

Lakini nyumbani, shangazi, nimebanwa. Siku haziendi. Nimechora mistari nyuma ya mlango wa jikoni, mmoja kila siku, mama mkwe ananiuliza nahesabu nini. Bupe anakoroma, analala mdomo wazi, na kila anayekuja kukoboa ana lake la kusema. Mmoja kasema akatwe kimeo. Mwingine kasema amerogwa. Mama mkwe anasema mafuta ya moto na kitunguu saumu, watoto wake sita wote aliwatia na wote wanasikia. Anampenda mno, unajua ni wajina wake, amepewa jina lake. Anasema, "Huyu ni mimi. Mimi siwezi kuwa kiziwi." Nilimwambia Isakwisa twende tukakae kwa dada yake Mbalizi mpaka Agosti. Akanijibu nani atapokea magunia, na kwamba kwa mtoto huyu bibi yake ana sauti kuliko sisi wote. Kisha akawasha trekta akaondoka.

Nikuulize kitu. Baba alituambia masikio yako yaliharibiwa na homa ya utotoni. Ilikuwa homa gani? Nataka kujua kama ni haya haya ya Bupe.

Damari wako


Iringa, 7 Julai 2024

Damari,

Marahaba. Nafurahi kuhusu ishirini. Mpe hongera zangu, na mwalimu naye mpe.

Swali lako liache hapo lilipo. Baba yako alisema alichosema.

Mimi nilikuuliza jambo moja tu nawe hukunijibu. Niliomba uandike kwamba umelielewa la kutotia kitu sikioni. Nimesoma barua yako mbele na nyuma, halimo. Umenieleza mafuta ya mkweo kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mlete mtoto huku. Sema shangazi anaumwa, nitaumwa, hilo si kazi. Chumba kipo, mashine ya kukoboa haipo, na hospitali ya kumpima ipo. Mwezi mmoja tu umebaki. Mpandishe basi hapo Igawa, ukishindwa kuja mwenyewe mkabidhi Frida, mimi nitasimama Ipogolo tangu asubuhi. Nijibu wiki hii.

Veneranda


Iringa, 4 Agosti 2024

Damari,

Nilisimama Ipogolo siku mbili. Hujaja na hujaandika. Nimetuma meseji kwenye hiyo simu ya mashine, nikajibiwa bei ya kukoboa.

Kuna nini?

V.


Ubaruku, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Frida alikwenda msibani Tukuyu, barua yako ya Agosti nimeipata jana. Sisi tuko salama. Mavuno yanaelekea mwisho. Bupe alikuwa na homa kidogo, sikio la kushoto limetoa uchafu kidogo, amepewa dawa ya kumeza hapa dukani. Mbeya hatukwenda. Tutakwenda nafasi ikipatikana.

Nakutakia afya njema.

Damari


Iringa, 22 Agosti 2024

Damari,

Nimeisoma barua yako mara nne. Hujanitania cherehani. Hujaniuliza hali. Umeandika "kidogo" mara mbili kwa mtoto mmoja.

Yale maji ya daktari hayaumi wala hayaleti homa, uliniandikia wewe mwenyewe mwezi wa tano. Kwa hiyo kuna kitu kimeingia sikioni. Sikuulizi ni nani aliyemimina, huyo namjua. Mtoto wa miaka mitano hatulii akimiminiwa kitu cha moto. Lazima awepo wa kumshika.

Niambie nani alimshika.

Halafu usisubiri jibu langu. Mpeleke Mbeya leo.

Veneranda


Ubaruku, 1 Septemba 2024

Shangazi,

Ni mimi.

Nimeanza karatasi hii mara nyingi, na sasa nimeiandika, naendelea.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Julai tarehe ishirini. Mashine ilikuwa inafanya kazi, uwanja umejaa watu. Nilikuwa nimeshafunga begi la Bupe ili Jumatatu nimpandishe basi kuja kwako. Mama mkwe aliliona. Hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Unaniibia mimi mwenyewe?" Akaanza kulia. Shangazi, mimi sikuwahi kumwona mama yule akilia hata alipomzika mumewe. Akasema tumwache ajaribu mara moja tu, kisha niende naye nitakako. Kitunguu alikuwa ameshakimenya.

Nikasema hapana. Akasema, "Basi nitamtia mwenyewe, akirusha kichwa yatammwagikia machoni, na wewe utakuwa umesimama hapo." Akayapima mafuta kwa kidole chake, akasema ni ya vuguvugu tu. Shangazi, hakudanganya. Ni kidole cha mtu aliyeshika vyuma vya mashine na masufuria miaka thelathini, hakihisi tena. Nami sikuyapima. Hilo ndilo linaloniua. Kidole changu kilikuwa pale pale na sikuyapima.

Nilimlaza kwenye mapaja yangu nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Nikwambie na lililobaki: sikumshika kwa kuogopa macho yake tu. Nilikuwa nimechoka kusubiri. Nilichoka kuchekwa, nilichoka ile mistari ya mlangoni. Kuna mahali ndani yangu palikuwa panasema, huenda yakafanya kazi. Alipolia, mashine ilikuwa inaunguruma, hakuna aliyemsikia uwanja mzima isipokuwa sisi wawili. Mama mkwe aliangusha kijiko. La kulia hatukulitia.

Agosti tarehe kumi na mbili sikwenda kwa kuogopa daktari. Niliona nikifika ataniuliza, kama ulivyoniuliza wewe. Barua yako ilipokuja nilitoka na mtoto kwenda Mbeya bila kuaga, nikaacha simu mezani ikiita.

Daktari hakunifokea, na ningependa angefoka. Sikio la kushoto limeungua ndani, ngoma ina tundu na lilikuwa na usaha. Amempa dawa ya matone, ya hospitali, na amenionyesha namna ya kulikausha. La kulia mstari bado umelala bapa, na anavyokoroma ni vinyama nyuma ya pua vimekua vikaziba njia. Miezi mitatu imepita, kwa hiyo anataka kumfanyia upasuaji mdogo: atoe hivyo vinyama, na aweke kibomba kwenye ngoma ya kulia ili maji yatoke na hewa ipite. Lakini hataki kugusa kitu mpaka la kushoto likauke kwanza. Labda Novemba. Kama nisingemshika, angeshafanyiwa.

Isakwisa amejua. Ameacha kusema na mama yake, na mimi ananijibu kwa vidole kama tuko mashineni. Mama mkwe analala na mtoto kila siku na hagusi chakula. Nipo ndani ya nyumba hii na watu wote ninaowapenda, na siwezi kumtazama hata mmoja.

Usiponijibu nitaelewa.

Damari


Iringa, 8 Septemba 2024

Damari mwanangu,

Nakujibu. Ulidhani nini?

Kwanza mtoto. Asiingize maji sikio la kushoto, ukimwogesha ziba kwa pamba uliyoipaka mafuta ya mgando, kwa nje tu, na umuulize daktari kama anakubali. Asicheze mfereji wa mashamba ya mpunga hata akilia. Siku ya upasuaji nitakuja mwenyewe, na begi langu litakaa wazi, wote walione.

Sasa lile swali uliloniuliza mwezi wa sita. Haikuwa homa.

Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa kama Bupe, naitwa siitiki. Mama yetu, bibi yako, alinipenda kama mkweo anavyompenda wajina wake, na alikuwa na mafuta yake na majani yake. Aliyatia siku ya kwanza la kulia na siku ya pili la kushoto. Siku ya pili nilikwishajua, nikakimbilia shambani. Aliyenikamata ni kaka yangu Edmund. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ana nguvu. Alinibeba akanirudisha, akanishika kichwa. Ni baba yako.

Sijamwambia mtu hili miaka hamsini na mitatu, na wewe sikutaka kukwambia kwa sababu ulimpenda na alistahili kupendwa. Alinisomesha cherehani. Alipohamia Mbalizi kwa ajili ya kazi aliniandikia kila mwezi mpaka alipokufa, mvua, mazao, meno yenu yanavyoota, mitihani yenu. Barua nzuri, ninazo zote. Hakuna hata moja inayoitaja siku ile. Mimi nami nilimjibu zote, na sikuitaja. Kila bahasha nilifungua nikidhani imo. Alipokuwa hospitali mwisho nilikaa naye siku tisa, tukatazamana tu, yeye akijua kwamba nasubiri, na mimi nikijua kwamba anajua. Nilikuwa na hasira naye hata nilipokuwa namfunga sanda, Damari. Ninayo hata leo. Si ya kunishika. Alikuwa mtoto, aliambiwa ashike akashika. Ni ya kunyamaza.

Kwa hiyo sikwambii usilie, lia. Ila usimwachie Bupe hesabu hii aifanye peke yake mpaka awe na mvi. Akianza kusikia mwambie. Usimwambie bibi ndiye, hata kama bibi ndiye. Sema lako.

Na huyo bibi mpe chakula. Kaa naye mpaka ale.

Shangazi yako anayekupenda,
Veneranda


Ubaruku, 8 Desemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Najua ulifika salama, maana Frida anasema kondakta bado analalamika jinsi ulivyomgombeza kuhusu kiti. Mvua zimeanza, watu wako mashambani, mashine ina siku tatu haijawaka.

Tangu ulipotuacha hospitali Mbeya, Bupe anaendelea vizuri. Kile kibomba ulikiona, kidogo kuliko chenga ya mchele. Daktari anasema kitadondoka chenyewe baada ya miezi, na tutarudi Februari akitazame. Hakoromi tena. Sikio la kulia linasikia. La kushoto limekauka lakini tundu bado lipo, anasema huenda akikua likazibwa, huenda likafunga lenyewe, hana ahadi. Wiki ya kwanza nyumbani alikuwa akishtuka kwa kila kitu, hata mvua juu ya bati. Akamkataza bibi yake kumpigia kelele. Mama mkwe sasa ananong'ona nyumba nzima, mpaka Isakwisa amecheka, mara ya kwanza tangu Agosti. Hajanisamehe, wala hajamsamehe mama yake, lakini amecheka. Mwalimu amemwandikisha darasa la kwanza.

Nimefanya ulivyoniambia. Nilichukua wiki mbili kuanza. Kila nikimkaribia nilikuta nguo za kufua au moto wa kuwasha, nikamwelewa baba kabisa, nikaogopa.

Leo, baada ya kutoka kanisani, nilimkalisha kitandani nikapiga magoti. Nikamwambia: Bupe, siku ile ya mafuta, aliyekushika kichwa ni mimi. Uliumia kwa sababu nilikushika. Bibi alikosea, na mimi nilikosea, na mimi ndiye mama yako. Naomba unisamehe.

Alikuwa anasokota mkanda wa sketi yako. Akasema, "Najua, mama. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Nilingoja aseme kitu kingine. Akashuka kitandani akaenda kucheza, na mimi nikabaki pale chini.

Damari